Tundu Mahali Pake

Kitendawili. Wawili wamechimba, kila mmoja kwa upande wake, hawakuonana, wakakutana gizani. Umeshindwa? Usinipe mji sasa hivi, kaa nao kwanza. Jibu tutalikuta njiani, na mimi siwezi kulisahau, maana ndilo lililonipatia mume.

Bibi yangu mzaa baba, Kashindye, alikuwa mvuta kiko. Kwetu Usagara, kijiji cha Wasukuma nje kidogo ya Mwanza, halikuwa jambo la kushangaza, bibi akishamaliza kuzaa na kulea alikuwa na haki ya kukaa na moshi wake. Tabu ilikuwa kiko chenyewe. Alikichonga mzee mmoja wa kijiji cha jirani, na tundu lake alilitoboa kwa chuma cha moto. Chuma cha moto hakina macho. Tundu la mrija linatakiwa litokee chini kabisa ya kikombe cha tumbaku, lile likatokea katikati. Chini yake pakabaki kisima, na kisima kikajaa mate na maji ya tumbaku. Bibi akivuta, kiko kinakoroma, koro, koro, koro, kama mlevi aliyelala chali.

Tukiwa watoto hatukuhangaika kumtafuta Bibi. "Kiko kiko wapi?" mmoja anauliza, tunanyamaza, na kiko chenyewe kinajibu kutoka nyuma ya ghala. Ukitaka kuiba karanga, sikiliza kwanza koro-koro iko upande gani. Lakini kwake Bibi halikuwa jambo la kuchekesha. Yale maji machungu yalipopanda hadi ulimini alitema na kusonya. "Yule mzee nilimwomba kiko, kanipa kata ya maji!"

Sasa nikupeleke kwenye miaka ya ruksa. Maduka yamejaa vitu, mitumba imefurika Mwanza, viwanda vya samaki vinajengwa ufukweni, na viwanda vya zamani vya serikali vinafungwa mlango mmoja baada ya mwingine. Mimi nimemaliza darasa la saba siku nyingi, nakaa Buzuruga kwa shangazi yangu Getruda, nauza uji na maandazi karibu na stendi ya mabasi.

Nyuma ya stendi palikuwa na banda la bati, na ndani yake mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma au mti ili uchongwe na kutobolewa. Mwenye banda aliitwa Odongo, Mjaluo wa huko Mara ziwani. Alijifunza kazi kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walichukua mabati na viti, yeye akakubali kupewa ile mashine kuukuu ambayo hakuna mtu aliyetaka kuibeba. Wenye boti za sangara walimletea vyuma vya injini vilivyokwisha, wenye mashine za kusaga walimletea mihimili iliyopinda, naye anakereza mpaka kitu kinaingia pale pale kinapotakiwa.

Alianza kwa kunywa uji wangu. Baadaye akawa anakunywa uji na kujibu vitendawili vyangu, na kila akishindwa ananipa mji. Nilishamaliza Tarime, Shirati na Musoma, siku moja akaniambia, "Modesta, miji imeniishia. Limebaki banda." Nikajua hapo hatuongei tena vitendawili.

Baba yangu, Masele, alikuwa na mawazo yake. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na alishamwona kijana wa Misasi, mtoto wa mfugaji, kijana ambaye sijapata kumwona akicheka hata siku ya harusi ya dada yake. Baba akasema huyo Mjaluo na alete mshenga, atasikilizwa, lakini asipokuja na maneno ya maana, nyumba ya Misasi inangoja. Alinitazama aliposema hivyo. Nikaondoka kwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Mshenga alikuwa Okomo, baba mdogo wa Odongo. Alikuwa amekaa Mwanza miaka mingi, akipakua samaki kwenye mwalo wa Kirumba, na alijihesabu kuwa bingwa wa mambo ya Wasukuma. "Habari za Msukuma nisikilizeni mimi," alizoea kusema. "Msukuma hana r. Akikwambia anakwenda kupiga kula, tazama kwanza kama ni saa ya chakula au ni siku ya uchaguzi." Na mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa vyama vingi, kwa hiyo watu walicheka sana, naye akazidi kujiamini.

Alifika kwetu Usagara jua likielekea kuzama. Akavua kofia mlangoni, akapaza sauti, "Mwangaluka!"

"Hiyo ni ya asubuhi, shemeji," mama akamwambia taratibu. "Lakini karibu, umeamka salama."

Akaketi, akatoa sukari na sabuni na khanga, akazunguka na maneno mpaka akafika. Mimi niko jikoni, nimebandika sikio ukutani. Nikasikia anasema, "Sasa wazee wangu, kijana wetu ni fundi, hana mambo mengi. Tungependa tusikie, kuhusu mahari, nyumba hii inasemaje?"

Baba akakohoa. Kwa adabu hakutaka kutangulia mama yake. "Mama yupo. Aanze yeye."

Bibi, nakuapia, hakuwa amesikia neno jingine zaidi ya fundi. Kiko kilikuwa kimempandishia maji dakika ile ile. Akatema, akakitoa mdomoni, akamwinamia Okomo na kumwonyesha kwa kidole chini ya kile kikombe.

"Fundi, eeh? Basi mwambie huyo fundi. Kiko! Unaona hapa? Hapa ndiyo mahali. Akinitengenezea hiki, maneno mengine yote ni mepesi."

"Kiko?" Okomo akauliza.

"Kiko. Mahali ndiyo hapo hapo, asipakose."

Baba akaona mama yake amezungumza mambo yake ya moshi, si vizuri kumrekebisha mbele ya mgeni, na ng'ombe watazungumzwa safari ya pili. Akasema, "Mama ameshasema, basi." Okomo akaondoka anatembea kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Kesho yake, nami nimerudi kwa gari la alfajiri, alikuwa bandani Buzuruga kabla uji wangu haujachemka. "Odongo! Wewe mtoto una bahati ya pacha wawili! Mahari ni kiko!"

"Kiko gani?"

"Kiko cha tumbaku! Bibi mzaa baba kasema mwenyewe, na baba mtu kasema mama ameshasema. Kiko ndiyo mahari."

Odongo akanigeukia. "Modesta, ulikuwepo. Bibi alisema mahali, au alisema mahari?"

"Alisema mahali."

"Mahali, au mahari?"

"Si ndiyo nimekwambia? Mahali!"

Akanitazama, nikamtazama. Kuandika ningeweza, mwalimu alitupigia sana mstari mwekundu chini ya r na l. Lakini mdomoni mwangu maneno yale yalikuwa mtu mmoja mwenye kofia mbili.

"Unaona?" Okomo akasema kwa furaha. "Hana r. Nimewaambia siku zote."

Nami nilikuwa nimesikia kupitia ukuta, na nilitaka kuamini. Moyo wa msichana anayetaka kuolewa, nao hauna r.

Odongo akatafuta mpingo. Alipata gogo dogo kwa wachonga vinyago, jeusi ndani, zito kama chuma. Akalikata kwa msumeno likapata umbo la kiwiko kilichokunjwa. Kiko cha kwanza alikitoboa kwa drili ya mkono, maana aliona ni kazi ndogo. Kikombe kilitoka vizuri. Kisha akashika keekee nyembamba ndefu, kile chuma cha kutobolea, akaanza tundu la mrija kutokea upande wa pili. Mpingo una mishipa migumu, na keekee nyembamba ni kama mtoto mvivu, ikikutana na pagumu inakwepa. Ilikwepa, ikazidi kukwepa, mara ncha yake ikachungulia nje.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. "Hiki kimetoboka kidevu," nikamwambia.

"Nimeona."

"Bibi akivuta atajichoma goti."

"Modesta, nimeona!"

Akakaa kwenye kopo lake akikigeuzageuza kile kiko kibovu. Sikuwahi kumwona amechukia kazi. Nilitaka kumwambia basi, kipande cha mti tu hicho, lakini nikakumbuka Misasi na ule uso usiocheka, nikamsogezea uji.

Alipoinuka alichukua kipande cha pili akaenda nacho kwenye mashine ya kukereza. Kwanza akachora kwa penseli ubavuni, mstari wa kikombe unashuka, mstari wa mrija unakuja, vinakutana chini kabisa. "Hapa," akasema, akaweka nukta. Kisha akaukaza ule mti katika taya nne za mashine, akauzungusha polepole, huku amesogeza ncha ya msumari karibu na alama ya kuanzia. Alama ikawa inayumba, inakuja, inakwenda. Analegeza taya moja, anakaza nyingine. Anazungusha tena. Aliendelea hivyo mpaka mti wote unazunguka na ile alama katikati imetulia kama jicho la mtu anayekutazama.

"Kitendawili," akaniambia. Ilikuwa mara ya kwanza anatega yeye.

"Tega."

"Anayezunguka haendi, aliyesimama ndiye anayeingia."

Nikafikiri, nikashindwa, nikampa Mwanza yote. Akacheka, akanionyesha. Kwenye drili ya mkono mti umesimama na keekee inazunguka, kwa hiyo ikitaka kukimbia inakimbia. Kwenye mashine hii mti ndio unaozunguka, keekee imekamatwa kwenye mkia wa mashine, haizunguki, inasukumwa mbele tu kwa gurudumu la mkono. Ikitaka kupinda kulia, kulia kumeshapita, na kushoto kunakuja kuirudisha. Mwisho inachoka, inakwenda katikati.

Kikombe alikitoboa kwa keekee nene aliyoinoa mwenyewe ikawa na kichwa cha duara, ili chini pawe kama ndani ya yai, pasiwe na kona ya kuficha maji. Akalegeza, akaugeuza mti, akatafuta katikati upya kwa upande wa mrija. Akafungua mlango kwa keekee fupi ngumu isiyojua kupinda, ndipo akaweka ile nyembamba ndefu, imefungwa utepe mwekundu kuonyesha mwisho wa safari. Inaingia kidogo, anairudisha, inatoka na unga mweusi, anaufuta, inaingia tena. "Ukiwa na haraka unga unaikaba, inapata joto, inakatikia ndani," akasema. "Na mpingo mwingine sina."

Utepe ulikuwa umebakiza upana wa kidole kufika mtini pale taa ilipozimika. Mashine ikalia kwa uchovu, ikasimama. Mgao wa umeme.

Huko stendi watu wakazomea kama kawaida yao. Odongo hakusogea. Nikamwuliza kwa nini asiutoe, amalizie umeme ukirudi. Akasema akiutoa hataupata tena pale ulipo, na akiacha mpaka kesho joto na baridi vitaukaza mti, keekee itashikwa. Kisha akanitazama mikono. "Wewe unasonga ugali wa watu wengi?"

"Wa wapiga debe wote wa Buzuruga."

"Shika hapa, kwenye taya. Zungusha kuja kwako. Polepole, usisimame."

Nikafunga khanga vizuri, nikashika. Chuma kilikuwa bado na joto. Nikazungusha. Yeye upande wa pili ameshika lile gurudumu la mkia, anasukuma kwa vidole viwili, macho ameyafumba. Hatukuwa tunaonana vizuri, mashine iko katikati, na bandani mna giza. Nasikia tu kazi inakwenda kwenye viganja, krr, krr, kama kusaga ulezi. Nikafikiri, hii ndiyo mahari yangu, naisaga mwenyewe.

Mara kitu kikaachia. Ilikuwa kama mlango uliokuwa umekazwa na mtu kwa ndani, naye akauachia ghafla.

"Simama," Odongo akasema, japo nilikuwa nimeshasimama.

Akarudisha keekee, akautoa mti, akaupuliza. Pumzi yake ikanigonga usoni kwa upande wa kikombe. Akapitisha unyasi kutoka upande wa mrija, ukatokeza chini kabisa, umelala sakafuni kama mtu aliyefika kwake.

Kazi iliyobaki ilikuwa kukipunguza nje, kukipiga msasa na kukipaka nta. Mrija aliutengeneza kwa pembe ya ng'ombe, nao akaukereza na kuutoboa kwa mashine ile ile umeme uliporudi.

Walikuja Usagara Jumapili baada ya misa, Odongo kavaa shati jeupe, Okomo kavaa koti. Baba alikuwa ameita ndugu zake wawili, mtama umechemshwa, jogoo amekwisha kuliwa. Okomo akafungua leso, akaweka kiko mbele ya wazee, akakunja mikono.

Tukangoja. Baba akatazama kile kiko, akatazama mlangoni kama vile kuna kitu kingine kinakuja nyuma.

"Kizuri," akasema. "Haya. Sasa mahali?"

"Hiyo hapo," Okomo akasema.

"Wapi?"

"Hiyo."

"Nauliza mahali!"

"Na mimi nakujibu mahari!"

Baba akasimama. "Wewe mzee, binti yangu ataolewa kwa moshi?"

"Mama yako mzazi alisema kwa kinywa chake, kiko ndiyo mahari! Na wewe ukasema mama ameshasema!"

"Alisema mahali! Mahali pa tundu!"

"Ndiyo hiyo hiyo, mahari!"

"Siyo mahali, ni mahali!" Baba akapiga kelele, na alipojisikia mwenyewe akazidi kukasirika. "Yaani siyo mahali ya ng'ombe, ni mahali pa... Mama Modesta! Hebu mwambie!"

"Mahali," mama akasema kwa sauti ndogo, na haikumsaidia.

Okomo akajaribu kuokoa jahazi. "Lakini ng'ombe yumo, shemeji. Tazama mrija, hiyo ni pembe."

Mmoja wa baba zangu wadogo aliangua kicheko, Baba akamtazama, kikazimika. "Funga leso yako," akamwambia Okomo. "Kesho natuma mtu Misasi."

Odongo akasogea mbele. Aliinama, akakichukua kile kiko, nikadhani anakirudisha kwenye leso. Akamwendea Bibi, akapiga goti. "Shikamoo, Bibi. Maneno haya siyaelewi vizuri, lakini kiko ni chako. Hata nikirudi mikono mitupu, hiki kibaki."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi akakipokea. Akachomoa unyasi kwenye ufagio, akaupitisha kwenye mrija, akainamisha kikombe kwenye mwanga, akatazama. Akatazama tena. Akajaza tumbaku, akaweka kaa la moto, akavuta.

Hakikukoroma. Sote tulisubiri ile koro-koro tuliyozaliwa tukaikuta, haikuja. Moshi ulipanda kimya kimya.

"Kitendawili," Bibi akasema.

Sasa kwetu, mkubwa akisema kitendawili hata nyumba ikiwa inaungua utajibu. Baba amesimama, mishipa ya shingo imemtoka, mdomo ukajibu wenyewe. "Tega."

"Wawili wamechimba, kila mmoja kwa upande wake, hawakuonana, wakakutana gizani."

"Fuko," Okomo akasema haraka.

"Siyo."

"Wezi wa ukuta," Baba akasema.

"Siyo. Mmeshindwa. Nipeni miji."

"Chukua Musoma, mama," Okomo akasema.

"Musoma nimekwenda, nimekula dagaa, nimerudi. Na wewe Masele?"

"Nakupa Mwanza."

"Mwanza kuna kelele. Sitaki. Nipe Usagara."

Baba akasita. "Mama, Usagara ndiyo hapa."

"Najua ni hapa. Umeshindwa, hukushindwa?"

"Nimeshindwa."

"Basi nipe."

Baba akatazama ndugu zake, nao wakatazama paa. "Haya. Nakupa Usagara."

Bibi akavuta kiko, akatulia kama mtu anayejipanga kwenye kiti kipya. "Jibu ni matundu mawili ya kiko. La huku na la huku. Yule mzee wa zamani hakuyakutanisha, huyu kijana kayakutanisha. Mimi siku ile niliomba mahali, na mahali ndiyo hapa. Tena nilimwambia mgeni kwamba nikipata hiki, maneno mengine ni mepesi. Nilisema, sikusema?"

"Ulisema, mama."

"Sasa huu ni mji wangu, na maneno yangu yatakuwa mepesi. Ng'ombe wataletwa, Masele, hatuozeshi kwa moshi. Lakini wataletwa kadiri banda la fundi litakavyowaleta, na mtoto hatangoja zizini kuwahesabu. Kiko hiki nakipokea, kiwe kishika uchumba. Okomo, fungua tena leso yako, ina karanga?"

Haikuwa na karanga. Mama akaleta za kwetu.

Nilifunga ndoa Buzuruga mwaka uliofuata. Ng'ombe walikuja kama Bibi alivyosema, mmoja akitoka kwenye injini ya boti ya huyu, mwingine kwenye mashine ya kusaga ya yule, na Baba akawapenda mmoja mmoja kuliko ambavyo angewapenda kama wangekuja kundi. Bibi alimwita Odongo Mahali mpaka mwisho wa maisha yake, "Mahali, karibu chakula," na Okomo kila akisikia hivyo anauliza, "Amemwita nani?"

Kitu kimoja tu hatukukitazamia. Kiko kile hakikoromi. Ukiuliza kiko kiko wapi, hakuna anayejibu, na Bibi Kashindye akawa yuko kila mahali. Hata karanga ziliacha kuibiwa. Jioni moja nimekwenda kuwasalimu nikiwa na mimba ya kwanza, Baba yuko zizini na ndugu yake, anamnong'oneza kwamba Wajaluo hawa, ng'ombe wa mwezi huu mbona kimya, au aende Buzuruga akamkumbushe yule kijana.

Moshi ukapanda taratibu nyuma ya ukuta wa zizi.

"Nimekusikia, Masele," Bibi akasema. "Nani amekuruhusu kutoka mjini kwangu?"